Re: Wanafunzi waogopa kuuliza maswali ya sayansi

Makala inalaumu uhaba wa maabara. Sawa, lakini Erasto Mpemba mwaka 1963 hakuwa kwenye maabara. Alikuwa kidato cha tatu, sekondari ya Magamba, anatengeneza aiskrimu. Akaona nafasi kwenye friji inakwisha, akatia maziwa yake yangali moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanafanya hivyohivyo siku zote! Alipouliza darasani kwa nini cha moto kiligande kwanza, akachekwa. Mwalimu akasema hiyo ni "fizikia ya Mpemba". Bahati yake Dk. Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar, alikwenda akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo pamoja.

Wengi hawasemi kwamba mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio hayo na hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba cha moto huganda haraka kuliko cha baridi. Ubishi haujaisha. Kwangu hilo halimpunguzii Mpemba kitu, maana yeye alitaka watu wapime, siyo wamwamini.

Mimi niliwahi kuuliza kwa nini mbingu ni bluu, nikaambiwa "haipo kwenye silabasi". Sikuuliza tena hadi namaliza kidato cha nne.