Pointi ya Kukosa

Shemeji yangu hununua tiketi kwanza, halafu ndipo anauliza nani anakwenda. Ndiyo maana wikiendi ya Labour Day, sikukuu ya wafanyakazi ambayo Kanada wameipeleka Septemba, badala ya kulala kama mfanyakazi mwenye akili timamu, nilijikuta nimebanwa siti ya nyuma alfajiri, tunatoka Winnipeg kwenda Regina kutazama mpira. Tena siyo mpira wetu huu. Ule wa Kanada, wa majitu yenye helmeti, mpira wenyewe umechongoka huku na huku.

"Kaa vizuri bwana shemeji, ni hapo tu."

Hapo tu ni kilomita 570 na ushee. Hiyo ni Dar hadi Moshi, na Dar hadi Moshi angalau kuna mambo: Chalinze utakimbiliwa dirishani na mayai ya kuchemsha, Korogwe utauziwa machungwa. Huku ni ngano. Baada ya ngano, kanola, mmea wa kukamuliwa mafuta. Halafu ikaja treni ya mizigo, ndefu mpaka Mpemba aliyekaa kulia kwangu akaanza kuhesabu mabehewa, akasinzia, akaamka, akaendelea palepale alipoachia. Kushoto kwangu alikaa Mkongo wa Lubumbashi, ana mabega ya kuchezea timu yoyote kati ya zile mbili. Mapajani nimepakatishwa hotpoti la pilau, maana Mpemba alisema yeye nyama ya uwanjani hali.

Tulichelewa kuondoka saa nzima kwa sababu shemeji alikuwa anatafuta jezi, nami nikajiandaa kumsema njia nzima. Bahati yake, Saskatchewan, jimbo la Regina, hawasogezi saa zao mbele majira ya joto, Manitoba, jimbo la Winnipeg, wanasogeza. Kwa hiyo ukivuka tu mpaka, unarudishiwa saa yako. Shemeji akapiga usukani kofi: "Si niliwaambia tuko ndani ya muda?" Jamani! Mtu kachelewa, serikali inamfidia. Ningejua hiyo ndiyo dalili ya yaliyokuwa yakinisubiri, ningeshuka palepale Moosomin.

Mosaic Stadium unaingiza watu kama 33,000, na siku ile naona wote walivaa kijani. Mimi ni Simba wa damu. Kijani cha Yanga huwa nakitazama nikiwa upande wa pili wa uwanja, tena kwa jicho moja. Sasa nimevalishwa jezi ya bluu ya Winnipeg Blue Bombers, nimezungukwa na mashabiki wa Saskatchewan Roughriders ambao, nisikilizeni vizuri, wamevaa matikiti maji kichwani. Siyo kofia zenye picha ya tikiti. Tikiti lenyewe, limekatwa, limekombwa, limevaliwa. Mzee aliyekaa mbele yangu hakulikomba sawasawa. Kila akishangilia, maji mekundu yanamteremka shingoni, mbegu moja imemganda nyuma ya sikio, na nyigu ameshajua pa kwenda. Nyigu akimkosa yeye, ananijia mimi. Mpemba akauliza kwa huzuni, "Sasa nyama yake kala nani?"

Sheria za mchezo alitufafanulia Mkongo, ambaye hufanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na wazee ndio walimu wake. Kila timu inaingiza watu 12. Uwanja una yadi 110. Unapewa nafasi tatu za kusogea yadi 10. Wamarekani kwenye mchezo wao wanapewa nne, kwa hiyo huku wanajiona wanaume zaidi. Sawa. Watu wanakimbia sekunde tano, wanaangukiana, wanasimama, wanafanya kikao. Ajenda hatuambiwi. Kikao kikiisha, sekunde tano nyingine.

Nilivumilia mpaka Saskatchewan walipotaka kuupiga mpira upite kati ya milingoti, pointi 3. Mpigaji akakosa. Kakosa peupe, mpira umepita pembeni huko ukatokea nyuma. Nikaruka na hotpoti langu tupu, nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Kutazama ubao, Saskatchewan wameongezewa pointi 1.

"Ya nini?"

"Ya kukosa, yaya," akasema Mkongo, kwao yaya ni kaka, bila hata kutabasamu.

Mimi natoka nchi ambayo ukikosa penalti hata mama yako anazima simu. Nimenyimwa viza na balozi za watu, hakuna iliyonipa hata robo ya viza kwa kujaribu. Nafikiri wakubwa wa ligi wenyewe waliona aibu, maana wakaamua kwamba kuanzia msimu wa 2026 mpira ukipitiliza nje namna ile, hakuna kitu. Lakini siku yangu mimi ilikuwa halali.

Mzee wa tikiti aliponiona nimenuna, akageuka kunifariji kwa msiba wake. Fainali ya Grey Cup, kombe la ligi yao, 2009: Saskatchewan wanaongoza 27 kwa 25, muda umekwisha, Montreal wanapiga mkwaju wa mwisho, wanakosa. Watu wameshaanza kukumbatiana. Mwamuzi akahesabu wachezaji: Saskatchewan wako 13. Rudieni. Ukaingia, 28 kwa 27, kombe hilo likaenda. Nilimwonea huruma, kweli, lakini kuhesabu hadi 12! Hata konda wa Mbagala, ambaye kwake gari halijai, angepiga kelele kwamba mmezidi.

Tukalala Regina chumba kimoja sote. Hayo ya kukoroma tuyaache. Njiani kurudi nikaapa kwamba nimemaliza. Kumbe ile ilikuwa nusu! Timu hizi hurudiana Winnipeg wikiendi inayofuata, mechi inaitwa Banjo Bowl, kisa mpigaji wa Winnipeg, Troy Westwood, aliwatukana watu wa Saskatchewan kwamba ni wapiga banjo, kisha akaomba radhi kwa kueleza kuwa wengi wao hata hiyo banjo hawajui kuipiga. Radhi gani hiyo? Na wakampa mechi.

Jumanne shingo imegoma kugeuka, nafungua WhatsApp, shemeji kaweka picha ya tiketi na deni la kila mtu. Nikaandika haraka kwamba Jumamosi nina mkesha wa maombi.

Akajibu: "Mkesha ni usiku, bwana shemeji. Mechi ni mchana. Utatoka uwanjani ukiwa na la kuombea."