Wameru walipokwenda New York

Hapa Arusha, mazungumzo kuhusu Ukraine au Gaza yakikolea huishia pale pale: Umoja wa Mataifa ni mali ya walioshinda vita mwaka 1945. Hoja hiyo ni nzito. Wakubwa watano walijipa kura ya turufu na wanayo hadi leo. Na baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilinyang'anywa Wajerumani ikakabidhiwa Waingereza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji, bila mzee yeyote wa Moshi kuulizwa.

Ila hati zile za washindi zina upande tunaoupita haraka mno, na waliougundua ni majirani zetu wa mlimani Meru.

Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili walowezi wapate mashamba ya mifugo. Nyumba zilichomwa. Lakini kisheria Tanganyika haikuwa koloni, ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Mwingereza aliitawala chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, na Hati ya Umoja wa Mataifa iliwaruhusu wenyeji wa nchi kama hiyo kupeleka malalamiko wenyewe. Wameru wakachangishana nauli. Mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akasimama New York, mbele ya Baraza la Udhamini lililosimamia nchi hizo, na baadaye mbele ya kamati ya Baraza Kuu, na Mwingereza akalazimika kumjibu hadharani.

Walishindwa. Kamati iliwaunga mkono, lakini kwenye Baraza Kuu theluthi mbili ya kura haikupatikana, na ardhi haikurudi wakati ule. Wanaoubeza mfumo huu husimama hapa, na kweli panauma.

Sasa tuvuke mpaka. Mwaka ule ule Wakikuyu nao walikuwa wakililia ardhi. Kenya ilikuwa koloni, kwa hiyo hakuna baraza New York lililowajibika kupokea kilio chao. Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari, vita vya Mau Mau vikapamba moto. Sisemi barua ya malalamiko peke yake ndiyo iliyotuepusha na vita. Lakini ilifundisha njia: Machi 1955, TANU ikiwa haijatimiza hata mwaka, Nyerere alikwenda kuzungumza mbele ya Baraza lile lile la Udhamini.

Leo Afrika inadai viti viwili vya kudumu kwenye Baraza la Usalama, na naunga mkono. Lakini Kirilo hakuwa na kiti. Alikuwa na haki ya kusikilizwa huku aliyemnyang'anya akiwapo. Baraza la Udhamini lililompa haki hiyo lilisimamisha kazi mwaka 1994, na katika madai yetu yote ya mageuzi sijasikia mlango huo ukidaiwa ufunguliwe tena.