Mshale Uliolala Kitonga

Shemeji ana Corolla 100 iliyoanza kuchemsha kabla haijawashwa. Asubuhi na mapema, injini ya baridi, ukiweka tu swichi on, mshale wa temperecha unaruka hadi H, yaani moto. Fundi akainamisha kichwa kwa huzuni, akatamka: "Gasketi ya hedi, bosi. Tufungue injini."

Injini iliyolala usiku kucha itachemshwa na nini? Sensa ya geji hiyo, kifaa kinachopima joto la injini, ina waya mmoja tu. Athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, inaipata kwa bodi yake kugusa chuma cha injini. Ikipoa ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme, huwa mkubwa, kama omu 200 kwenye nyuzijoto 50. Ikikaribia nyuzijoto 120 hubaki kama omu 20 tu; geji husoma ukinzani mdogo kuwa ni joto kali. Kwa hiyo waya ukigusa chuma popote njiani, geji inadhani kuna moto. Nikachomoa waya kwenye sensa. Mshale ukabaki H, maana yake sensa haina kesi. Tukaufuata waya hadi karibu na manifoldi, bomba la moshi wa injini: ganda limeyeyuka, shaba iko wazi, inagusa chuma. Tukauvisha tepu ya umeme, tukausogeza mbali na joto, mshale ukashuka.

Lakini fundi hakukubali kuondoka mikono mitupu. Akafunga na sensa mpya, na kwenye thredi zake akazungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba kama anafunga kidonda.

Safari ya Iringa, mshale umelala C, yaani baridi, muda wote. "Unaona, shem? Sasa gari linapumua!" Ruaha Mbuyuni akajaza buti vitunguu. Katikati ya mlima Kitonga boneti ikaanza kutoa mvuke. Shemeji akasema huo ni ukungu wa milimani. Mshale bado C.

Tulizima, na mfuniko wa rejeta hatukuugusa mpaka ulipopoa kabisa. Mpira wa juu ulikuwa umechanika penye klempu. Tukakata kipande kibovu, tukakaza upya. Kisha, swichi ikiwa on, nikaunganisha kipande cha waya kutoka bodi ya sensa hadi kwenye chuma cha injini. Mshale ukaamka. Tepu nyeupe ilikuwa imeinyima sensa athi! Tukaifungua sensa, tukakwangua tepu yote, tukairudisha chuma kwa chuma, tukajaza maji polepole hadi mapovu ya hewa yakaisha.

Sasa mshale unapanda, unatulia chini kidogo ya nusu. Shemeji hana raha nao. Anauliza kama fundi anaweza kuirudisha ile tepu.