Shikamoo ya Saa Kumi na Moja Alfajiri

Leo alfajiri, saa kumi na moja, simu imelia. Meseji: "Shikamoo baba." Basi, hakuna kingine. Mwenye mtoto chuoni ananielewa. Shikamoo ya saa hizo si salamu, ni ankara.

Nikajibu kama mzazi mwenye heshima zake: "Marahaba mwanangu, masomo yanaendaje?"

"Bumu bado."

Sasa hilo bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, shilingi 10,000 kwa siku, nimelihangaikia mimi. Fomu ya mkopo mnaijua: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo, wakili agonge muhuri, serikali ya mtaa nayo igonge wake. Huo wa mtaa ndio ulionivua nguo.

Kosa langu nilivaa koti. Naenda ofisi ya serikali, siwezi kuingia na ovaroli la grisi. Ni fundi baiskeli, lakini hadhi ninayo. Mtendaji, kijana rika la Neema wangu, akaniangalia kuanzia kola mpaka viatu.

"Mzee, hapa umeandika kipato duni."

"Ndiyo."

"Na koti?"

Nikamwambia la marehemu kaka yangu.

"Kumbe una urithi." Akaandika kitu.

"Nyumba ya bati?" Bati, lakini linavuja. "Linavuja, ila ni bati." Ng'ombe? Sina. Mbuzi? Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti, niliyemnunulia kahawa jana yake, akadakia toka kwenye benchi: "Baba Neema, na yule beberu?"

Jamani! Beberu yule ni wa shemeji, kaletwa kwangu kwa shughuli maalumu, akimaliza anarudi kwao. Ikabidi nianze kueleza shughuli za beberu mbele ya akina mama waliofuata barua za utambulisho. Mmoja akauliza ni shilingi ngapi kwa mbuzi mmoja.

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Kumbe ni mradi!"

Miaka 52 nauficha umaskini wangu mtaa usijue, siku nauhitaji naambiwa ushahidi hautoshi! Hadhi ikanitoka. Nikavua koti, nikageuka. Shati lile lina kola na mbele tu. Mgongo nilishaukata zamani, nafutia minyororo. Ofisi ikanyamaza. Nikasikia muhuri, paa!

Mkopo ukatoka, lakini ada haikutimia. Iliyobaki ni ya mwenye mradi wa beberu.

Mwezi wa kwanza Neema akapiga simu analia, eti chuoni hakuna kengele. Sekondari kengele ilimwamsha, ikamlisha, ikamlaza. Huko mwalimu anaingia, anaongea peke yake, anatoka, na waliochelewa viti wameandika wamekaa kwenye ngazi. Hosteli, kitanda kimoja watu wawili, wenyewe wanaita kubebana. Muhula ukaisha, akaniambia ana sapu mbili. Nikawaka! Mimi huku chai kavu, wewe supu mbili? Kumbe ni mitihani ya kurudia. Bora ingekuwa supu. Akasema wenzake watatu wamedisko, nikampongeza kwa kutofuatana nao. Kimya. Nikauliza watarudi saa ngapi. Kimya zaidi. Ndipo nikaelezwa kwamba kudisko ni kufukuzwa chuo.

Na akishaajiriwa watamkata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Sawa, deni ni deni. Na langu mimi nani atalikata, na kwenye mshahara wa nani?

Basi saa mbili nipo kwa wakala na elfu ishirini, ya tairi la mteja, msimwambie. Nimeshatuma, najifuta jasho, simu inalia tena.

"Asante baba. Ila hujaweka ya kutolea."

Nikarudi kibandani nimefura, nikamkuta yule beberu, maana shemeji mpaka leo hajamfuata, ametafuna tandiko la baiskeli ya mwenyekiti. Mara ya kwanza mwaka huu namwona anafanya kazi ya maana.