Muuza maua kwenye kiti cha meya

Kila uchaguzi wa Kampala unapokaribia, hoja ileile huvuma sokoni na kwenye vijiwe vya bodaboda: jiji tuwape wafanyabiashara, hao wanajua hesabu. Mimi nikiisikia humkumbuka Philip Breitmeyer wa Detroit, Marekani.

Alizaliwa mwaka 1864, akaingia katika biashara ya maua ya baba yake, na kufikia 1905 familia ilikuwa imejenga jumba la ghorofa nane, duka la maua likiwa chini. Mwaka 1909 akawa meya. Alikaa miaka miwili tu. Mwaka 1910, akiwa bado ofisini, wauza maua wa miji mbalimbali waliungana kupokezana oda kwa telegramu, naye akiwa mmoja wa waanzilishi. Ukilipa Detroit, muuzaji wa mji wa mbali anafunga shada kwa maua yake mwenyewe na kulifikisha. Ua halisafiri, halinyauki njiani. Ila mpango mzima unasimama juu ya kuaminiana: mwenzangu asipotuma pesa, mimi nimeumia.

Hapo ndipo ninapowaelewa wanaowatetea wafanyabiashara. Waulize wakulima wa waridi wa upande wa Entebbe, wanaopeleka maua kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Barabara ikifungwa, umeme ukikatika kwenye chumba cha baridi, hasara ni ya siku hiyohiyo. Mtu wa namna hiyo hahitaji ripoti kuambiwa kwamba shimo la barabarani ni gharama.

Lakini duka huchagua mteja, jiji halichagui. Januari 2022 wachuuzi waliondolewa kwenye barabara za Kampala. Kwa hesabu za mwenye duka anayelipa leseni na pango, ilikuwa haki, na ana hoja. Lakini mama aliyekuwa akipanga nyanya chini ili watoto wale jioni, huyo naye ni mwananchi wa meya yuleyule. Hesabu za duka hazina safu yake.

Tena kuna mfanyabiashara anayetegemea barabara ya jiji, na kuna anayetegemea mali ya jiji. Hawa wawili tusiwachanganye. Fidia ya shilingi bilioni 142 kwa mfanyabiashara mmoja, kwa sababu ya mikataba yake ya masoko ya Kampala iliyofutwa, iliwafanya mawaziri wawili wajiuzulu mwaka 2012. Mgombea anayetaka kupangishwa soko simwamini, hata awe na akili ya biashara namna gani.

Na hata tukimpata mwema, kiti chenyewe kimepunguzwa. Tangu sheria ya mwaka 2010, shughuli za kila siku ziko kwa mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais. Dampo la taka za jiji, la Kiteezi, lilipoporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, miongoni mwa waliofukuzwa kazi alikuwa mkurugenzi huyo, na aliyemfukuza ni Rais. Mpiga kura wa Kawempe, hapo hapo Kampala, hakuwa na kura ya kumwondoa. Mfanyabiashara aliyezoea kuamuru asubuhi na kuona kazi mchana ataumia sana hapo.

Kwa hiyo akija kwangu kuomba kura, sitamuuliza ana mtaji kiasi gani. Nitamuuliza anaidai KCCA, mamlaka ya jiji, nini, na ana mkataba gani nayo.