Mashine Ilikuwa Kando Yetu

Mzee ninayemhudumia nyumbani kwake ana mwili mkubwa na mdomo usio na breki, tofauti na kiti chake cha magurudumu, ambacho breki zake huzikagua mwenyewe kabla hajakubali kuguswa na mtu yeyote. Asubuhi moja mwanawe alikuja kumjulia hali, akanikuta nikiandaa mashine ya kunyanyulia mgonjwa.

"Dada, unataka kumfunga baba kama gunia?" akacheka. "Jambo hili linahitaji nguvu tu."

Nikamweleza kwamba taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mhudumu asimnyanyue mgonjwa kwa mikono iwapo mzigo unazidi ratili 35, yaani takriban kilo 16, kwa kuwa mgonjwa hana mpini wa kushikia na hugeuka wakati wowote apendao. Akajibu kwamba kilo 16 ni begi la shule, na kwamba yeye hunyanyua vyuma. (Vyuma, ieleweke, havimkumbatii mtu shingoni.)

Katika mafunzo yetu huoneshwa picha ya namna ambavyo mhudumu hapaswi kusimama, na sijapata kumwona mtu akiifuata picha ile kwa uaminifu kama kijana yule. Kitanda kilikuwa chini, naye hakutaka nikipandishe hadi usawa wa kiuno. Alisimama mbali, miguu imenyooka na kukaribiana, akauinamisha mgongo, akaizungusha mikono ya baba yake shingoni mwake, kisha akatangaza kwamba atahesabu hadi tatu. Mzee, ambaye masikio yake huchagua cha kusikia, alijivuta kwenye mbili.

Mgongo ukalia kakaka. Mzee akarudi kuketi kitandani salama salimini, lakini kijana akabaki ameinama vilevile, kiuno kimemshika.

"Baba, niachie shingo."

"Nikuachie vipi, na wewe ndiye uliyesema nishike?"

Nilivibandua vidole vya Mzee kimoja kimoja, nikamsogezea kijana meza ya kuegemea, kisha nikaendelea na kazi yangu: kitambaa cha kubebea chini ya mapaja na nyuma ya mgongo, vitanzi kwenye ndoano, kitufe. Mzee akapaa taratibu, akapita mbele ya mwanawe aliyekuwa ameinama kwa heshima ambayo hakuikusudia.

"Mashine hii inabeba kilo ngapi?" akauliza kutoka huko juu.

"Ubavuni imeandikwa 150, Mzee."

"Basi ukishanitua mimi, mfunge na huyu."

Kijana alikataa katakata, akasema atatembea mwenyewe mpaka kwenye kochi. Alipiga hatua moja, akaitafakari ya pili kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, bila kunitazama usoni, iwapo betri ya mashine ingali na chaji.