Uliletwa na nani?

Jumamosi iliyopita tulijiunga na kundi la matembezi ya mashambani huku Northamptonshire, Uingereza, mimi na mjomba wangu aliyekuja kututembelea kutoka Bagamoyo. Watu kama kumi na tano, mabuti ya matope, chupa za chai, mbwa wawili. Kiongozi wetu ni mtu mzima mwenye heshima zake, anayejua kila njia na kila ndege. Mwisho wa safari alisimama karibu na kanisa la kijiji cha Twywell, akatuambia kwamba kasisi wa zamani wa hapa alikuwa rafiki wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, na kwamba Livingstone alipofia Afrika mwili wake "uliletwa nyumbani" ukazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Basi. Akahamia kwenye vipepeo.

Uliletwa. Neno hilo limeninyima usingizi wiki nzima. Mwambie mtoto wa darasa la kwanza kwamba umeletewa mzigo, swali lake la kwanza litakuwa: umeletewa na nani?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba asubuhi ile ile, katika kijiji cha Geddington tulikoanzia, mtu huyu huyu alitusimulia msafara mwingine wa maiti bila kuruka hata kituo kimoja. Malkia Eleanor alifariki Harby, karibu na Lincoln, Novemba 1290. Mumewe, Mfalme Edward I, aliusindikiza mwili hadi Westminster, na kila mahali jeneza lilipolala akaamuru pajengwe msalaba wa mawe. Ilikuwa 12. Leo imebaki mitatu, na huu wa Geddington ndio uliohifadhika kuliko yote. Una pande tatu, umesimama katikati ya kijiji kama mnara mwembamba. Sehemu ya chini yote imechongwa maua, juu yake malkia amesimama mara tatu, kila sanamu ikitazama upande wake. Mjomba alipanda ngazi taratibu, akaweka kiganja juu ya maua yale ya jiwe, akakaa nacho hapo kwa muda. Kisha akaniuliza, "Na waliobeba jeneza, mjomba, majina yao yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lile nilitembea nalo siku nzima.

Kutoka Geddington hadi Twywell ni kama maili tano, zaidi kidogo ukifuata njia za miguu. Hapa nawasifu Waingereza, tena kwa moyo mweupe. Njia ya umma inakatiza katikati ya ngano ya mtu, imechorwa kwa vistari vya kijani kwenye ramani, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuifunga. Mjomba hakuamini. Kila tulipofika kwenye ua alisimama kuniuliza kama kweli tunapita shamba la watu hivi hivi bila kubisha hodi. Ndugu zangu mlioko Leicester, Coventry, Milton Keynes, mnaosema kutembea mashambani ni mambo ya wazungu: njia hizi ni zenu pia, na ni bure.

Sasa turudi kwenye lile neno.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Wenzake walikuwa Waafrika wapatao 60. Wangeweza kuchimba kaburi siku ile ile na kila mtu akashika njia yake, na asingekuwepo wa kuwalaumu. Wakakaa kikao, wakaamua maiti ipelekwe pwani, wakawapa uongozi Chuma na Susi kwa kuwa ndio waliokuwa naye muda mrefu. Farijala, aliyewahi kufanya kazi kwa daktari Zanzibar, ndiye aliyeupasua mwili. Moyo ukazikwa pale pale chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright, mmoja wao, akasoma sala, kisha akachonga maandishi kwenye shina. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, ukafungwa kwa kitambaa, kwa magome ya mti, kwa turubai, ukapakwa lami. Halima, mpishi, alikuwa humo msafarani. Halafu wakabeba. Zaidi ya maili 1,000, mabegani, hadi Bagamoyo.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, walimkuta Cameron, ofisa wa jeshi la wanamaji wa Uingereza, aliyewashauri wamzike hapo yaishe. Wakakataa. Mbele ya hapo wakakuta watu wasiotaka maiti ipite kwao. Unajua walifanya nini? Waliufunga mwili upya ukafanana na robota la nguo la mfanyabiashara. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa umbo la maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo Unyanyembe kana kwamba wamekubali kwenda kuzika. Robota likapita. Niambieni ni jemadari gani aliyepanga vizuri kuliko hivyo.

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Wakalipwa mishahara yao, wakaambiwa kazi imekwisha. Meli ikaondoka na mwili, na katika wote wale akasafiri nao Jacob Wainwright peke yake. Mazishi yalifanyika Aprili 18, na Chuma na Susi hawakuwepo. Walifika Uingereza baadaye, kwa nauli ya James Young, rafiki wa marehemu. Waliobeba miezi yote ile hawakuona kaburi likifunikwa. Hilo siwezi kuliandika nikiwa nimetulia.

Na hapa ndipo Twywell inapoingia. Kasisi yule ni Horace Waller, mhariri wa shajara za mwisho za Livingstone. Chuma na Susi ndio waliomsaidia mwaka huo wa 1874, na kuna picha yao iliyopigwa Newstead Abbey, Nottinghamshire, wakiwa na Waller na watoto wa marehemu. Mwenye shajara alishakufa, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya kitabu, kuanzia kifo hadi pwani, imetoka vinywani mwao. Utangulizi Waller aliutia saini katika nyumba ya kasisi ya Twywell, Novemba 1874. Nakubali, Waller aliwataja majina. Aliandika kwa mtazamo wa mzungu wa wakati wake, lakini aliwataja. Basi imekuwaje miaka 150 baadaye, kwenye kijiji hicho hicho, majina yapotee ibaki "uliletwa"?

Najua wapo watakaoniambia Livingstone ndiye aliyewafungulia wakoloni njia, tumtukuze mbeba maiti yake kwa lipi? Ni kweli jina lake lilitumiwa na waliokuja kututawala. Ila mimi sizungumzii Livingstone. Nazungumzia watu wetu waliokaa kikao, wakaamua jambo gumu bila kuagizwa na yeyote, wakalitimiza. Chuma aliendelea kuongoza misafara hadi karibu na kifo chake Zanzibar, 1882. Susi naye alizikwa huko, 1891. Msalaba wa Geddington unaadhimisha usiku mmoja wa jeneza. Hawa walilaza maiti yao usiku ngapi?

Nje kidogo ya Twywell kuna machimbo ya zamani ambayo sasa ni hifadhi. Pana korongo refu lililochimbwa kutafuta mawe yenye madini ya chuma, sasa limeota miti na vichaka kila upande. Udongo wake ni mwekundu wa kutu na hung'ang'ania soli. Kabla kundi halijatawanyika nilimfuata kiongozi, nikamwambia yote haya, pengine kwa sauti ya juu kuliko ilivyopasa. Alinisikiliza bila kunikatiza. Akatoa kalamu, akaniomba nimtajie majina polepole, akayaandika nyuma ya ramani yake: Chuma, Susi, Wainwright, Farijala, Halima. Akauliza Chuma maana yake nini. Mjomba alielewa swali kabla sijatafsiri. Akainama, akaokota jiwe lenye rangi ya kutu pembezoni mwa njia, akamwekea mkononi.

Jumamosi ijayo ana kundi jingine.